Mgonjwa Haulizwi Uji, Lakini Paka Je?



Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Humwulizi kama anautaka au hautaki. Unaukoroga, unampelekea, anakunywa. Ni methali ya huruma, na imeinua wengi kitandani. Lakini katika nyumba zetu yumo mgonjwa mmoja ambaye uji huo haumwinui. Huyo ni paka.

Nasikia mtu akicheka. "Watu wana ng'ombe wa kutibu, huyu anatuletea tumbo la paka!" Cheka, ndugu yangu, kisha nisikilize. Paka hakuletwa vijijini mwetu awe pambo. Mkulima Mpokomo wa hapa Tana Delta akishavuna mpunga wake kwenye ardhi iliyonyweshwa na mafuriko, anauweka ndani, na anayekesha akiulinda si mbwa. Mwenye duka pale Garsen, mwenye magunia ya mahindi na unga, anajua vizuri gunia lililotobolewa linamgharimu nini. Paka akiondoka, panya hutawala. Basi paka akiugua, akaharisha na kutapika mpaka akabaki mifupa na macho, halafu Mungu akamjalia nafuu, swali la kumlisha linawahusu wote wanaokula humo ndani.

Neno langu leo ni moja: paka anayetoka ugonjwani alishwe kama paka. Asilishwe kama mtu, wala asilishwe kama ndama. Baadhi ya paka wanaorudiwa na ugonjwa baada ya kupata nafuu hawarudishwi na ukatili. Wanarudishwa na wema ulioelekezwa pasipo pake.

Tuangalie kwanza hali yetu. Tana Delta ni nchi ya mifugo. Waorma na Wawardei wanafuga ng'ombe hapa tangu zamani, na mvua zikipotea kule bara, makundi mengine hushuka kutafuta malisho karibu na Mto Tana. Maarifa ya afya ya wanyama, kwa hiyo, yamejengwa juu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Na kuna sababu. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwishoni mwa 2006 na kuendelea 2007, Tana River ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa, na nchini kote watu zaidi ya 150 walipoteza maisha, achilia mbali mifugo. Afisa wa mifugo akianza na zizi, ana haki. Lakini matokeo yake ni kwamba ukiingia kwenye agroveti zetu unakuta rafu za dawa za kupe na dawa za minyoo ya ng'ombe. Chakula cha kopo cha paka mwenye tumbo dhaifu, kile kinachopatikana Nairobi na Mombasa, usikitegemee. Malindi yenyewe iko kama kilomita 110 kutoka Garsen. Dawa itatoka kwa daktari, ndiyo, lakini uuguzi utakuwa wa jikoni kwako.

Na jikoni, kitu cha kwanza ambacho mkono unakiendea ni maziwa.

Kwetu maziwa ni heshima. Mgeni anakaribishwa kwa maziwa, mtoto anakuzwa kwa maziwa, mgonjwa anatiwa nguvu kwa maziwa. Mtu akimwona paka amekonda anamwekea kibakuli, naye paka analamba mpaka kinang'aa. Sote tunafurahi. Baada ya saa chache sakafu inachafuka upya, na tunasema ugonjwa umerudi. Ugonjwa haukurudi, maziwa ndiyo yaliyopita. Paka mchanga anayenyonya ana kimeng'enya tumboni cha kuvunja sukari iliyomo kwenye maziwa. Akishaacha kunyonya, kimeng'enya hicho kinapungua. Sukari isipovunjwa inabaki utumboni, inavuta maji, bakteria wanaichachusha, na hapo ndipo kuhara kunapoanza. Paka mzima mwenye afya anaweza kulamba kidogo asidhurike. Huyu aliyetoka kuhara utumbo wake umechubuka kwa ndani, na hata kile kimeng'enya kichache alichobaki nacho kimepungua zaidi. Maziwa lala yana sukari kidogo kuliko maziwa mabichi, lakini nayo yasubiri. Ya mbuzi pia yasikudanganye. Kinywaji cha mgonjwa huyu ni maji.

Kitu cha pili ni uji, na ndugu zake ugali na wali. Hapa kuna jambo ambalo halionekani upesi. Utaniambia, "Paka wangu amekula ugali na mchuzi miaka yote na hana neno." Kweli, lakini hakuwa akiishi kwa ugali. Alikuwa akiishi kwa panya, mijusi, panzi, na vichwa vya samaki alivyookota penye kuparia samaki. Ugali ulikuwa kishindilio tu. Sasa ni mgonjwa, hawezi kuwinda, hawezi kuruka ukuta. Ule mlo wake wa siri umekatika, umebaki ugali wako peke yake. Anakufa njaa na sahani imejaa.

Maana paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake unahitaji vitu ambavyo nafaka haina. Kimoja kinaitwa taurini. Mwaka 1987 madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha California, huko Davis nchini Marekani, walionyesha kwamba paka aliyepungukiwa na taurini moyo wake unatanuka na kudhoofu, na kwamba akirudishiwa taurini moyo huo unaweza kupata nguvu tena. Kabla ya hapo ilikwisha kujulikana kuwa upungufu huo huo huharibu macho yake. Taurini iko kwenye nyama na samaki. Kwenye sima haimo. Kijiko kimoja cha wali laini kilichochanganywa na nyama hakitamdhuru, ila kisiwe ndio mlo.

Sasa yuko mwingine anayeogopa kulisha kabisa. "Tumbo limechafuka, liache lipumzike. Asile siku mbili tatu." Kwa mtu na kwa mbwa, mapumziko mafupi yamezoeleka. Kwa paka ni hatari. Paka akikaa bila kula, mwili unaanza kuyayusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini, nalo ini la paka halina uwezo mkubwa wa kuyamaliza. Yanarundikana, ini linashindwa kazi, na paka anageuka rangi ya manjano masikioni na kwenye ufizi. Paka aliyekuwa mnene ndiye aliye hatarini zaidi, na siku chache tu zinatosha. Paka hana saumu, jamani. Zaidi ya hayo, ukuta wa utumbo wenyewe hupata sehemu ya lishe yake kutoka kwa chakula kinachopita juu yake. Ukiunyima chakula, unachelewa kujijenga. Mkulima wa kando ya Tana anaelewa hili: maji ya mafuriko yakishuka haliachi shamba likauke mpaka lipasuke, wala halijazi miche yote siku moja, anapanda kwa kufuata unyevu, sehemu baada ya sehemu. Utumbo wa paka huyu uufuate hivyo hivyo.

Basi tumlishe nini? Tumshukuru Mungu kwa mto. Chakula bora cha mgonjwa wetu kinavuliwa hapa hapa, Tana yenyewe na maziwa yake kama Ziwa Shakababo. Chukua tilapia mbichi wa leo, si wa jana. Tazama macho yake yawe maangavu na matamvua yawe mekundu. Kambare ana miba michache, na ndiyo maana watu wanampenda, lakini ana mafuta zaidi, na mafuta ni mzigo kwa tumbo linalopona; kambare aje baadaye. Mchemshe tilapia kwa maji matupu mpaka aive kabisa. Samaki mbichi usimpe, maana anaweza kuwa na vimelea, na baadhi ya samaki wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa paka. Moto unakiua. Akiiva, mchambue kwa vidole, miba yote itoke, ngozi itoke. Kuku pia ni mzuri, nyama ya kifua bila ngozi wala mfupa. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Usitie chumvi. Usitie mafuta wala nazi. Na zaidi ya yote usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, maana vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Kwa hiyo mabaki ya chungu cha jana usiku hayafai, hata kama ni mchuzi mtamu wa kusifiwa na jirani. Samaki wa kupaka si samaki wa paka! Yule wa kukaanga anayeuzwa stendi naye ana mafuta na chumvi. Dagaa wakavu wanaweza kuwa na chumvi nyingi. Waache mpaka mgonjwa apone.

Ile supu uliyochemshia samaki au kuku usiimwage. Taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo sehemu yake imo humo. Mwagie kidogo juu ya nyama. Inamrudishia maji mwilini, na inafanya kazi nyingine: inapasha chakula moto na kutoa harufu. Paka hula kwa pua kabla ya kula kwa mdomo. Aliyekuwa na mafua, pua imeziba, anaweza kukaa mbele ya samaki mzuri asimwone kuwa ni chakula. Mfute pua kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya vuguvugu, chakula kiwe na joto la mwili wake, kama nyuzi 38, yaani ukikigusa kwa kidole usisikie baridi wala kuungua.

Sasa kipimo, na hapa shika kalamu. Tuseme paka wako ana kilo tatu, kama walivyo paka wengi wa hapa. Hujui uzito? Mtie kwenye kikapu chenye kifuniko, mpeleke kwenye mizani ya dukani. Paka wa kilo tatu aliyelala tu anahitaji nishati inayopatikana kwenye gramu kama 100 za kuku wa kuchemsha kwa siku. Hizo ni kama vijiko sita vya mezani. Usimpe zote siku ya kwanza. Kutapika kukishakoma, siku ya kwanza mpe kijiko kimoja cha chai mara sita: saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili jioni, na saa tatu usiku. Siku ya pili, kikitulia tumboni, vijiko viwili vya chai kila mara. Siku ya tatu, vitatu. Samaki ana nishati kidogo kuliko kuku, kwa hiyo siku ya tatu unaweza kuongeza kama robo ya kipimo hicho. Akitapika tena, rudi kwenye kipimo cha jana yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Na joto letu la Garsen ulijue. Chakula kisikae kwenye sahani zaidi ya nusu saa. Asipokimaliza, watupie kuku wale, osha sahani. Usiyekuwa na friji pika asubuhi na jioni, kidogo kidogo. Nyama iliyoshinda juani ndiyo inayoanzisha kuhara kupya.

Akishatulia, kinyesi kikashika umbo, usimrukishe siku moja kurudi kwenye chakula chake cha zamani. Changanya robo ya kile cha zamani na robo tatu za kile cha ugonjwani, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi. Wala usimbakishe kwenye kifua cha kuku miezi, kwa sababu nyama tupu haina kalisi ya kutosha. Panya mzima ana mifupa na maini yake, na ndiyo maana panya anamfaa kuliko mnofu wako safi.

Nirudi kwenye maji. Sisi watu wa Tana hatuhitaji kufundishwa mafuriko. Tuliyaona 1997, tukayaona 2018, tukayaona Novemba 2023 na tena miezi ya Aprili na Mei 2024. Maji yakipanda, vyoo vinafurika, visima vinachafuka, watu wanahamia penye mwinuko, wengine wakiwabeba paka wao, wengine wakiwaacha. Kinachotuharisha sisi kinaweza kumharisha na paka. Maji ya mgonjwa huyu yachemshwe na yapoe, au yatiwe dawa kama unavyotia ya kunywa nyumbani. Ujue kama amepungukiwa na maji hivi: mvute kidogo ngozi ya shingoni kisha uiachie. Ikirudi upesi, vizuri. Ikibaki imesimama, na ufizi ni mkavu wenye kunata, huyo anahitaji maji ya sindano kwa mtaalamu, wala si sahani nyingine ya supu.

Kama ugonjwa wenyewe ulikuwa ule wa virusi unaoua vitoto vya paka kwa kutapika na kuhara, kumbuka kwamba kirusi hicho hukaa mpaka mwaka mzima sakafuni na kwenye vyombo. Sabuni peke yake haikitoi. Osha, kisha pitisha dawa ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, iache dakika kumi, ndipo usuuze. Usilete kitoto kipya cha paka nyumba hiyo kwa haraka.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, wazazi na vijana. Panadol ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuisafisha. Kidonge kimoja cha miligramu 500, kile unachomeza wewe ukiumwa na kichwa, kinaweza kumuua. Hata nusu yake usimpe. Dawa za kupe za kumnyunyizia ng'ombe, hasa zenye pamethrini, zitamtia mtetemeko na kifafa, naye hujilamba, kwa hiyo kilichoko manyoyani kitaingia tumboni. Dawa ya minyoo ya ng'ombe usiikadirie kwa macho. Na daktari akikupa vidonge vya paka, usimmezeshe kidonge kikavu. Kifuatishe na maji kidogo au supu, maana baadhi ya vidonge vikikwama kooni huchoma na kuacha kovu. Kumlisha kwa sirinji isiyo na sindano kunawezekana, lakini pitisha pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, aache ameze. Ukimsukumia, chakula kitaingia mapafuni.

Usingoje kesho ukiona haya: hajagusa chakula siku nzima, au ni kitoto na hajala nusu siku, anatapika hata maji, kuna damu, masikio na ufizi ni manjano. Na ukiwa na paka dume anayejikamua bila kutoa kitu, usidhani ni choo kimefunga. Mara nyingi ni mkojo uliozibwa, na huyo anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Mtafute mtaalamu, na una haki ya kumuuliza kama amesajiliwa; sheria ya Kenya ya 2011 inataka anayetibu wanyama awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Ukiwa mbali, piga simu na useme mambo matano: uzito, umri, lini alikula mara ya mwisho, ametapika mara ngapi, na kinyesi kikoje.

Watoto wetu wanaosoma madrasa wanaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Tunapoisimulia tunakazia kwamba hakumlisha. Lakini kosa lake lilikuwa na upande wa pili: alimfungia, kwa hiyo paka hakuweza hata kujitafutia. Paka aliye mzima ni huru, akikosa kwako atapata kwingine. Paka anayetoka ugonjwani amefungiwa na udhaifu wake, na riziki yake yote kwa siku hizo chache imewekwa mkononi mwako. Ndugu zetu Wakristo nao wanafundishwa kwamba mtu mwema anajulikana kwa anavyomjali mnyama wake. Hakuna dini inayotutaka tufanye makubwa. Tilapia mmoja, sufuria ndogo, na vijiko sita vya chai.

Na kwa vile maafisa wa mifugo huja vijijini siku za chanjo, nina ombi. Siku hiyo ukipeleka ng'ombe, muulize na habari ya paka: dawa ya minyoo ya kipimo chake, na chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vyake kwa watu ifikapo 2030, na ambao paka pia anaweza kuubeba. Mmoja akiuliza ataonekana mtu wa mzaha. Wakiuliza 20 katika kijiji kimoja, safari ijayo afisa atakuja amejiandaa. Mimi nimemaliza, kalamu weka chini, na kama una mgonjwa nyumbani, saa ya kijiko chake imekaribia. Kwaheri.